Mubirizi ndani ya karatasi

Siku moja ya yenga, dada yangu anayeishi Bruxelles alinitumia picha kwenye WhatsApp. Alikuwa amepeleka watoto wake wawili kutembea Meise, kwenye bustani kubwa ya mimea, upande wa kaskazini wa muji. Katika ile picha watoto wamesimama na makoti mukononi juu ya joto, mbele ya mugomba. Mugomba tu, kama ile yote ya Kabare. Chini yake kuna kibao kidogo chenye jina la Kilatini, na juu yao paa lote ni vioo.

Watoto wangu walicheka mupaka wakakaa chini. "Mama, banafungia mugomba ndani ya nyumba?" Mukubwa, binti wa miaka 11, akauliza kama watu wanalipa kuingia. Nikamwambia ndiyo, wanalipa. Wakacheka tena. Kisha mudogo, wa miaka 7, akaacha kucheka akaniangalia: "Na sisi, yetu iko wapi?"

Nilikosa jibu. Lile swali ndilo lilitufikisha Lwiro, na niliyoyaona kule na watoto nataka kuwaeleza wazazi wenzangu wa Bukavu, hasa wale wanaosema hapa hakuna fasi ya kupeleka mutoto zaidi ya kwenye ukingo wa ziwa na kwenye harusi.

Kwanza ile ya vioo. Watu wa Ulaya wanajenga vile kwa sababu baridi ya kwao inaua mimea ya huku. Kioo kinaacha mwangaza wa jua uingie, joto linabaki ndani, na wakati wa theluji wanawasha mashini ya kupasha moto. Kule Meise nyumba za vioo zimeungana, zote pamoja zinaenea karibu hektari moja. Unatoka kwenye mimea ya jangwa, unafungua mulango, unaingia kwenye musitu wa mvua, na miwani inajaa mvuke. Dada yangu anasema hiyo ya milango ndiyo watoto wake wanapenda kuliko yote: kila mulango na hewa yake. Kuna nyumba nyingine za vioo, za zamani zaidi, pale Laeken, kwenye makao ya mufalme. Léopold II alianza kuzijengesha mwaka 1874, fundi wake akiwa Alphonse Balat, na moja inaitwa hata leo nyumba ya Kongo. Watu wa kawaida wanaingia majuma machache tu kila mwaka, wakati wa maua. Yule mufalme alikuwa na Kongo ya vioo pale nyumbani. Hii ingine, kubwa, hakuikanyaga hata siku moja. Lakini hiyo tuwaachie waalimu wa historia.

Sisi hapa tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari, jua linatosha, mvua inanyesha karibu miezi tisa ya mwaka. Mugomba, kahawa, marakuja, vyote vinaota inje, bila kioo, bila tikiti. Bustani za mimea zenye kibao na jina zipo inchini, tena za kweli: Eala karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa mwaka 1900, na Kisantu kule Kongo-Central. Lakini toka Bukavu kufika kule ni ndege, na bei ya ndege kila mutu wa familia anaijua.

Na mu muji wetu? Mutoto anayezaliwa leo Kadutu ao Panzi anaona mabati, ukuta, ngazi, na kipande cha ziwa kati ya nyumba mbili. Parcelle zimekatwa mara mbili, mara tatu. Pale paliposimama avoka leo kumesimama chumba cha kupangisha. Mvua kubwa ikinyesha tunahesabu nyumba zilizoporomoka, ndipo tunakumbuka mambo ya miti. Mimi sikatai kwamba watu wanahitaji fasi ya kulala. Nasema tu kwamba mutoto wangu alikuwa anajua majina ya wachezaji wote wa Barça, na hakujua jina la muti hata mumoja wa pembeni ya njia anayopita kila siku akienda masomo. Na siku ile nilikuwa bado sijajipima mimi mwenyewe.

Lwiro iko territoire ya Kabare, zaidi kidogo ya kilometa 40 toka Bukavu. Unapita soko la Mudaka, unapita Miti, pale ambapo njia ingine inapanda Tshivanga kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, unafika Kavumu, unaendelea kidogo njia ya Katana kisha unakata kushoto. Mbele ya kutoka, uliza namna barabara iko siku ile, na uulize watu waliotoka kule asubuhi ile ile, si wale wa juzi. Sisi tuliahirisha mara mbili. Tena uombe ruhusa mapema: ni fasi ya kazi, watu wa utafiti wako kwenye meza zao, si soko.

Ni kituo kilichojengwa na Wabelgiji. Kilikuwa cha IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947. Nyuma ya uhuru majina yakabadilika, leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi za viumbe. Ukifika, majengo yale makubwa katikati ya mashamba yanakushangaza, unafikiri umefika kwenye makao ya wapadri. Ndani kuna maktaba, kuna wadudu waliopangwa kwa mustari, kuna nyoka ndani ya chupa (mudogo wangu alibaki pale muda murefu, sitaki kusema mengi juu ya usiku uliofuata). Na kuna kile chumba nilichokuja kutafuta: chumba cha majani makavu. Wenyewe wanakiita herbariumu.

Hii ndiyo bustani ya ndani ninayosema. Haina vioo, haina maji, haina udongo. Kuna makabati, na ndani ya makabati karatasi ngumu, moja juu ya ingine. Kila karatasi imebeba mumea mumoja: tawi lenye majani, ua kama lilikuwepo, mara ingine tunda ao muzizi. Walilichuma likiwa bichi, wakalilaza ndani ya gazeti kuukuu, wakaweka uzito juu, wakabadilisha gazeti siku kwa siku mupaka likakauka bila kuoza. Kisha wakalishona ao kulibandika kwenye karatasi, na pembeni, chini, wakaandika: jina, fasi lilipochumwa, kimo cha ile fasi, tarehe, na jina la aliyechuma. Maadui wawili tu ndio wanaogopewa pale, unyevu na wadudu. Kama hawa wawili hawakuingia, jani linaweza kukaa zaidi ya miaka mia moja.

"Mama, hii majani ilikufa?" mudogo akauliza kwa sauti ya chini, kama mutu aliye kwenye kilio.

Papa wa kazi aliyekuwa anatutembeza ndiye alijibu. "Ilikufa, lakini iko na carte yake. Jina lake, kwao, siku balimukamata. Wewe uko na carte?"

Mutoto akanigeukia. Hana. Tulicheka sote, na toka pale hakuogopa tena.

Sasa niwaambie kosa langu, kusudi musirudie. Niliingia mule nikiwa na mafundisho. Nilikuwa nimesoma usiku, nikaanza kueleza Léopold, Meise, Kilatini, namna gani majina ya mimea yanapangwa. Kwa dakika kumi watoto walikuwa wanaangalia dirisha. Yule papa aliniacha nimalize, mutu mwenye heshima, kisha akawauliza wao, si mimi: "Mu parcelle yenu kuko muti gani?"

Binti yangu akasema hakuna, kuna tu lupango ya majani kwa koko. Koko ni mama yangu, tunakaa naye Panzi tangu alipotoka Walungu. Lupango yake ni ya mubirizi, ile yenye majani machungu. Aliipanda yeye mwenyewe siku ya kwanza alipofika, mbele hata ya kufungua mizigo.

"Ah, mubirizi," papa akasema. Akaenda kwenye kabati, akatafuta bila haraka, akarudi na karatasi moja akailaza mezani. Vernonia amygdalina. Majani yamekuwa ya kahawia, lakini umbo ni lile lile, na yule mutoto wa miaka 7 ambaye hakuwa anajua muti wowote akapiga kelele: "Njo hii! Ile ya kwa koko! Ile anatupa tumbo ikiuma!"

Muzazi, ngojea pale. Watoto wa dada yangu, kati ya mimea yote ya Meise, walikwenda kupiga picha kwenye mugomba. Wangu, kati ya makabati yote ya Lwiro, walipagawa na jani la lupango. Mutoto hapendi bustani kwa sababu ina vitu vigeni elfu moja. Anaipenda pale anapokuta kitu cha kwao kimewekwa kwa heshima, na jina lake limeandikwa. Nyuma ya pale ndipo ana nafasi ya vile vigeni.

Papa akatuambia jambo lingine, na hili nilikuja kulihakikisha mimi mwenyewe nyumbani. Ngambo ya Tanganyika, upande wa Tanzania, kuna milima ya Mahale ambako sokomutu wanafuatwa na watafiti miaka mingi. Mwaka 1987, mutafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mutu wa pale anayejua dawa za miti, waliona sokomutu jike mugonjwa, muchovu, anayelala-lala muchana. Yule mama sokomutu akaenda kwenye mubirizi, akavunja tawi, akaondoa ganda na majani, akatafuna kiini cha ndani, akafyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa anatembea na kula. Watongwe wa kule wanautumia muti ule ule kwa tumbo na wanauita mjonso. Watafiti walikuja kuonyesha baadaye kwamba ule uchungu unapigana na minyoo.

Binti yangu alikunja uso. "Kwa hiyo sokomutu na koko banajua dawa moja?"

"Banajua," papa akasema. "Wewe njo haujue bado."

Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. Alishika karatasi ingine, ya muti mukubwa wa musitu wa milima, Prunus africana, ambao ganda lake linauzwa mupaka Ulaya kwa dawa ya ugonjwa wa prostate wa wazee, na kwa sababu ya kuchunwa ovyo, tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya inchi na inchi iko chini ya ulinzi wa mapatano ya CITES. "Mama, huu kwa Mashi tunauitaje?"

Mimi ni Mushi wa baba na mama. Nimeandika gazetini miaka mingi. Nilisimama pale mbele ya watoto wangu, kinywa wazi. Papa akangoja, kisha akasema mwenyewe: "Muhumbahumba." Nilikuwa nimelisikia lile jina kwa baba yangu, namna hiyo hiyo, na niliacha lipotee bila hata kuona kwamba limepotea.

Hakuna mutu aliyesema kitu. Mudogo akanishika mukono, akafikiri pengine nimechoka.

Tulipita kwenye karatasi zingine, kidogo. Quinquina tuliiuliza sisi wenyewe, kwa sababu binti yangu aliumwa malaria mwaka jana na uchungu wa kinini bado anaukumbuka. Ule muti ulitoka mbali, kwenye milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, ukapandwa Kivu wakati wa Wabelgiji juu milima yetu inafanana na ya kwao, na ganda lake ndilo Pharmakina ya hapa Bukavu inatoa kinini. Mutoto aliyemeza kidonge akijua muti wake hasahau, hata kama hasamehe.

Nyuma ya dakika arobaini nilisimamisha. Hiyo ni hesabu ya watoto wangu. Wenu munawajua wenyewe. Ukizidisha, kile kilichoingia kinaanza kutoka. Tukaenda inje, tukakaa kwenye nyasi, tukala mikate na mayai, wakakimbia. Kisha tukaenda kuona sokomutu, kwa sababu kandokando ya kituo kuna fasi iliyofunguliwa mwaka 2002 ya kulelea sokomutu na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Sokomutu tuliwaweka mwisho kwa kusudi. Ukianza nao, usifikiri kwamba mutoto atarudi kuangalia jani. Na pale mbele yao, mudogo alisimama akitafuta kwa macho, akaniuliza kama wamewapandia mubirizi.

Rafiki yangu mumoja aliposikia habari hii alisema mimi niko na bahati, niko na marafiki wa kuniombea ruhusa, na pesa ya gari. Ana haki nusu. Lwiro si ya kila siku ya posho. Sisi wenyewe tumekwenda mara mbili tu. Ndiyo maana tuliporudi tulianza yetu, ndani ya nyumba, na hii haiombi ruhusa ya mutu.

Chukua gazeti hili ukimaliza kulisoma. Wino wake hauzuru kitu. Mutoto achume tawi dogo, lenye majani zaidi ya moja ili ionekane namna yanavyopangana, na ua kama liko. Achume wakati majani hayana umande wala mvua, la sivyo kuvu litashinda. Alilaze ndani ya gazeti, ageuze jani moja kusudi mugongo wake nao uonekane. Juu yake weka ubao, na juu ya ubao matofali mawili ao kitunguru cha maji kilichojaa. Kesho badilisha gazeti, kesho kutwa tena. Kwa majuma mawili mengi yanakuwa tayari. Ya maji mengi kama ya mugomba yatakusumbua. Acha hayo kwa wenye kazi yao. Kisha ni karatasi ngumu, uzi, na ile carte pembeni, ambayo mutoto anaandika yeye mwenyewe, hata kama herufi zinapanda milima. Sisi tunaandika majina matatu: la Mashi, la Kiswahili ao Kifaransa, na la Kilatini kama tumelipata. Na fasi: "Panzi, lupango ya koko."

Neno moja la tahadhari, kwa sababu najua vidole vya watoto. Mu Bukavu lupango nyingi ziko na datura, lile ua refu linaloning'inia kama kengele na kunukia vizuri jioni. Ni sumu, jani, ua na mbegu. Kwetu lilikuwa somo la kwanza mbele ya kuchuma kitu chochote: hatuweki mudomoni, tunanawa mikono. Hata mubirizi, dawa ya koko, hapewi mutoto na mutoto mwenzake.

Koko mwanzoni alituangalia kama watu waliokosa kazi. Majani ya kulisha mbuzi yanashonwa kwenye karatasi! Lakini jioni ya tatu alivuta kiti chake karibu na meza. Aliweka kidole juu ya tawi moja, akataja jina. Akaeleza mama yake alikuwa analichemsha wakati gani, na kwa nani halifai. Binti akaandika. Akaweka kidole juu ya lingine. Siku hizi watoto wakitoka masomo wanapitia njia ndefu, wanaingia na matawi ndani ya mikoba katikati ya vitabu, na swali lao la kwanza si chakula tena: "Koko, hii?"

Tuko na karatasi 31. Nimezihesabu jana. Thelathini ziko na jina la Mashi, na mengi kati ya hayo mimi sikuwa nayajua. Ile ya 31 ni tawi lenye majani madogo, yenye nywele nyeupe upande wa chini, mudogo alilikuta kwenye mutaro nyuma ya kanisa. Koko alilishika muda murefu. Alilinusa, ingawa lilikuwa limekauka. Akasema walikuwa wanalitandika chini ya mikeka ya mutoto muchanga, kule Walungu, na jina lake alikuwa nalo.

"Lilikuwa hapa," akasema, akigusa mudomo.

Mudogo amekata kufuta ile karatasi. Ameibandika ukutani karibu na kitanda cha koko, carte yake imejazwa fasi, tarehe na aliyechuma, na mustari wa juu ameuacha wazi. Kila asubuhi mbele ya kuvaa viatu anapita pale kumuuliza kama limerudi.